Matobolwa ya Mama Mkwe

Mimi sili harusini. Wanaonijua wamezoea, wasionijua hununa. Mwenye shughuli akinijia na sahani ya pilau na soda ya kunikirimu, nikimwambia nina sukari, hunitazama kama nimemtukania mama yake. Siku hizi afadhali, ugonjwa unajulikana kwa jina na kila ukoo una mtu wake. Lakini mimi nimeanza kukataa chakula cha watu tangu mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, enzi ambazo ukisema sukari ni ugonjwa watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na kukataa kule kulimponza mtu ambaye hakunikosea lolote. Habari zake sijawahi kuzieleza sawasawa, maana kila nikianza hasira hunipanda nikaishia kuwatukana majirani ambao wengi wao wamekwisha kufa.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini. Mume wangu alikuwa Msukuma wa Shinyanga, alikuja Tabora kutafuta kazi akanipata mimi kwanza. Kazi aliipata baadaye, Geita, kwenye mtambo wa kuteremsha watu shimoni, nikamfuata huko na sanduku langu la bati. Tulipewa chumba kwenye nyumba za safu, mlango wako unatazamana na mlango wa mwenzio, ukikohoa mtu wa nne anakuambia pole. Watu walikuwa wa kila pembe, Wahaya, Wamanyema, Wanyasa, na Wazinza wenyeji waliokuja kuuza samaki. Ungedhani mtu hawezi kuwa mpweke mahali kama hapo. Nakwambia, nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na sufuria.

Sababu ni kwamba kambini wanawake walijuana kwa watoto. Mtoto wako anampiga wa jirani, mnagombana, mnapatana, mnaazimana chumvi, urafiki umeanza. Mimi mtoto wangu hakumpiga wa mtu. Mume wangu akitoka zamu alikuwa amechoka hoi, anakula, analala, akiamka ni zamu tena. Mchana kutwa nilikuwa nakaa mlangoni nikichambua maharage yasiyohitaji kuchambuliwa.

Siyo kwamba sikuzaa. Nilizaa mara mbili. Tumbo la kwanza lilikuwa kubwa, watu walinipongeza njiani, hata wanaume. Akazaliwa mtoto wa kiume, mnene, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo kama ya mtoto aliyekwisha kunyonya miezi mingi. Alikuwa amekufa. Mkunga alimgeuza huku na huku, akasema hajawahi kuona mtoto mzuri kiasi kile. Mpaka leo sielewi kwa nini aliona ni lazima aniambie. Wa pili alikuwa msichana, mkubwa vilevile. Huyo aliacha kucheza tumboni kabla ya siku zake, nami nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote, nikawa naenda bombani kuchota maji na kuitikia salamu huku nimembeba hivyo hivyo. Sitaki kulieleza sana hilo.

Basi watu wakaanza. Watoto wazuri namna ile, wamenona, hawana kilema, wanakufaje? Lazima yupo anayewala. Walisema chini chini, lakini kambini chini chini ni mpaka uwanja wa mpira. Mimi nilipuuza. Nilikulia mjini, nilijiona mjanja.

Mimba ya tatu ilinijia na kiu. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, nikimaliza kikombe mdomo bado mkavu. Nikawa kiguu na njia kwenda chooni. Tena sisimizi wakaniandama. Nyuma ya nyumba nilikuwa na bafu la nyasi, na kila nilipojisaidia pale kwenye mchanga, nikirudi nakuta wamejaa tele. Nilimwaga majivu, nikamwaga mafuta ya taa, wapi. Nilipokwenda hospitali ya mgodi kupimwa tumbo, daktari, Mzungu mmoja mwenye Kiswahili cha kuamuru, aliniuliza kama nina shida yoyote, nikamwambia nina shida ya sisimizi. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda aliyesimama pembeni, alitabasamu. Daktari hakutabasamu. Aliniuliza sisimizi wanakaa wapi hasa. Nilipomwambia, kwa aibu, alinipa kichupa niende nikakojoe.

Aliuchanganya mkojo wangu na maji ya bluu kwenye kichupa chembamba, akaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Nilitazama ile bluu ikigeuka kijani, ikawa manjano, ikaishia rangi ya tofali la kuchoma. Akaniuliza watoto waliokufa walikuwa wakubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akakaa kwenye kiti.

Alinieleza kwa Kiswahili chake, dresa akinyoosha pale palipopinda. Kwamba sukari imejaa kwenye damu yangu lakini mwili hauitumii. Kwamba kuna dawa ambayo mwili hujitengenezea wenyewe ya kuisukuma ile sukari, na yangu huenda ipo, ila mwili umekuwa kiziwi, unaitwa hausikii. Mtoto tumboni ndiye anayepokea ile sukari yote, ananenepa, ananenepa, halafu siku za mwisho anakufa. Nisile asali, sukari, viazi vitamu, uji, wala tende. Ugali kidogo, ujazo wa ngumi. Maharage, samaki, majani. Nitembee, nisilale lale. Nichomwe sindano asubuhi na jioni pale pale hospitali. Na mtoto atatolewa kabla ya siku zake kutimia, kabla haijafika ile saa ya kufa. Mwisho akasema, ukila ovyo, huyu naye utamzika.

Nilitoka pale nikicheka peke yangu njiani. Nilifurahi, jamani, nisiseme uongo. Kumbe kulikuwa na sababu. Kumbe hakuna aliyekuwa anawala wanangu, ni mwili wangu mwenyewe uliokuwa na uziwi, na uziwi huo una sindano. Nilifika nyumbani nimepanga maneno yote ya kumwambia mume wangu. Aliponisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini mimi nimekwisha kumwita mama."

Mama yake alikuja kwa treni mpaka Mwanza, akavuka kwa pantoni, akapanda lori la mizigo mpaka kambini, yeye na vikapu vyake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwao Shinyanga upande ule miti ilikuwa imekwisha, wanawake walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unakula macho ya mtu tangu utoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanishika tumbo kwa mikono miwili, akalisemesha Kisukuma. Kinyamwezi changu na Kisukuma ni ndugu, nilimwelewa. Alikuwa anamwambia mtoto, safari hii nimekuja mwenyewe.

Nilimwita mayu, ndivyo wanavyomwita mama. Naye aliniita binti yangu, na hakuwa anasema tu. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Sikuwa nimewahi kuwa na mtu wa kunisugua mgongo, wa kuniuliza nimeamkaje akasubiri jibu. Wiki ile ya kwanza nilijiona nina mtu duniani.

Sasa vikapu. Alikuwa amebeba kibuyu cha asali, samli, unga wa ulezi, na mfuko mzima wa matobolwa. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Unavichemsha tena na karanga, na utamu wake umeshikana, unanata menoni. Kwao mwanamke aliyepoteza watoto halaumiwi, hulishwa. Hukatazwa kuinua hata mtungi, hulazwa, na mama mkwe ndiye anayemlisha kwa mkono wake, kwa sababu wanaamini mtoto aliyekufa aliikimbia njaa ya mama. Viazi vile alivilima mwenyewe. Alivianika akijua ni vya nani. Hata daktari angekaa mwaka mzima akitafuta chakula cha kuniulia mtoto, asingepata kama kile.

Siku ya kwanza nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu akasema, "Sawa," kisha akanichotea uji wa ulezi wenye asali. Nikamweleza tena. Akauliza ni nani amewahi kufa kwa asali. Nilimpeleka kwa dresa, aliyekuwa anajua Kisukuma, akamweleza kwa lugha yao vizuri kabisa. Tukarudi nyumbani. Tulipofika akaniambia kwamba wale ni wanaume, na mwanamume anajua nini kuhusu mimba. Nilitaka kupiga kelele. Nilijikaza, nikasema, "Mayu, sitakula." Akaweka bakuli mbele yangu, akakaa. Mimi nikakaa. Uji ukaganda.

Ikawa hivyo kila siku. Anapika, naacha. Anapika tena, namrudishia. Mimi nikijipikia mgagani na furu wangu, yeye anatazama yale majani machungu na vile visamaki kama anaona mtu anakula mchanga. Wallahi ilikuwa kazi. Asali ile ilikuwa inanukia chumba kizima, na mwenye ugonjwa ule hutamani utamu kuliko mtu mzima wa afya anavyoweza kudhani. Lakini kila bakuli nililolikataa nilikuwa nauona uso wake ukishuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma, siyo njaa. Kumkatalia mama mkwe chakula alichokipika kwa mkono wake ni jambo ambalo hata mke mkorofi hafanyi. Hilo nililijua. Ambalo sikulifikiria ni kwamba milango ya kambi inatazamana.

Jirani wa mlango wa mbele, mwanamke mnene mwenye watoto wengi, ambaye tangu nihamie pale alikuwa ananisalimu kwa kidevu, siku moja akanifuata bombani. Akanishika mkono kwa upole ambao sikuuzoea. Akaniambia, "Umefanya vizuri. Usile kitu chake."

Nikamuuliza chake nani.

Akatupa macho kuelekea kwetu. Akasema macho mekundu yale mtu akiyaona mara moja anajua ni ya mchawi. Kwamba wanawake wote wameona ninavyorudisha mabakuli, na wote wamenisifu nina akili, nimemgundua. Kwamba sasa inaeleweka watoto wangu walikwenda wapi.

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia habari ya sukari, mkojo, maji ya bluu, rangi ya tofali, nikaeleza mpaka povu likanitoka. Wenzake walisogea kusikiliza. Nilipomaliza wakatazamana. Mmoja akasema kwa huruma kabisa, "Sukari, ee? Maskini, anaogopa kumtaja." Nikawaambia bibi huyu alikuwa Shinyanga watoto wangu wakifa Geita. Wakaniambia hao hawahitaji lori.

Nikwambie jinsi mambo yalivyogeuka. Kuanzia siku ile nikapata marafiki. Waliokuwa wananipita kama nguzo wakaanza kuniletea chakula kwa zamu, ili nisife njaa wala nisilishwe na yule bibi. Vitumbua, mihogo ya nazi, chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nilikataa vyote. Nilifurahi kuvikataa, nikidhani sasa wataona kwamba sikatai mkono wa mtu, nakataa utamu. Wapi. Walisema bibi amekwisha kunifunga kinywa, sasa hata chakula chema hakipiti. Hapo nilielewa kwamba hakuna neno ningeweza kusema, wala kitu ambacho ningeweza kufanya, ila kimoja.

Mume wangu aliyasikia kazini. Alirudi, akakaa kitandani na viatu vyake, akaniambia wenzake wanamshauri amwite mganga aje aague. Nikamuuliza na wewe unasemaje. Akasema yeye anasema mama ni mama. Sote tulijua kwao Shinyanga mwanamke mzee akishapewa jina lile mambo huishia wapi. Hulala nyumbani akiwa mzima, asubuhi hukutwa hayupo hai, na hakuna aliyeona.

Mama mkwe mwenyewe alijua lini, sijui. Hakuwa anakijua Kiswahili vizuri, lakini mtu hahitaji lugha kuona watoto wanavutwa ndani akipita. Aliacha kwenda bombani. Aliacha kukaa mlangoni. Alikuwa anashinda ndani ya chumba kile cha giza anasuka ukili, na asubuhi ananisindikiza hospitali mpaka kwenye kona tu, anarudi. Siku moja nilimkuta ameshika kioo changu kidogo anajitazama macho. Alikirudisha mahali pake taratibu.

Tumbo lilikuwa limekaribia. Mtoto alikuwa anacheza vizuri, daktari alikuwa ameanza kuridhika na mkojo wangu, na bado siku za hatari zilikuwa mbele. Nilikaa nikafikiri sana. Kitu kimoja ambacho kingemsafisha yule mama ni mimi kukaa mlangoni, mchana kweupe, nile chakula chake mbele ya kambi nzima mpaka nimalize. Siyo kijiko. Mpaka nimalize, na kesho yake tena, na kesho kutwa, maana bakuli moja wangesema nimelazimishwa. Sikuweza kumuuliza daktari. Nilijua atasema nini. Niliwaza, labda mtoto atavumilia. Halafu niliwaza wale wawili, mashavu yao. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikapiga moyo konde. Nikamwambia mama mkwe, "Mayu, nipikie matobolwa."

Alinitazama. Akapika. Aliponiletea bakuli nililichukua, nikatoka, nikaketi kizingitini pale ambapo kila mlango ungeniona. Wanawake walikuwa nje wanafua. Mmoja akaacha kufua. Jirani wa mbele akasimama. Nikachukua kipande cha kwanza kwa vidole, cha moto, kinanata, karanga zimekishika. Nikakiinua.

Akanishika mkono. Mama mkwe alikuwa ametoka nyuma yangu bila sauti. Akaniuliza kwa Kisukuma, polepole, "Yule daktari alisema mtoto atakufa, au alisema huenda atakufa?"

Nikamwambia, "Alisema nikila ovyo nitamzika."

"Wewe unamwamini?"

Nikakitazama kile kipande. Akasema, "Mimi sijaielewa hiyo sukari mpaka leo. Lakini wewe unaogopa, nakuona. Mtu hali chakula anachokiogopa." Akakitoa kile kipande vidoleni mwangu, akalichukua bakuli, mbele ya wote, akakaa chini pale pale mlangoni akala yeye. Alikula taratibu mpaka likaisha. Kambi nzima ilitazama. Alijua wanavyoona. Alijua watasema ameninyang'anya bakuli kwa kuwa ameona macho ya watu, kwamba ndani yake kulikuwa na kitu. Na ndivyo walivyosema, jioni ile ile, na ndivyo walivyoendelea kusema miaka yote niliyokaa kambini.

Aliondoka na lori lililofuata. Kibuyu cha asali aliniachia, akisema nitakula nikishajifungua. Mume wangu alimsindikiza mpaka kwenye pantoni. Mimi nilizuiwa na tumbo, nikasimama barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha nikarudi kwenye chumba changu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kuna ukili umebaki pembeni. Nilikuwa na upweke siku zote kabla yake, lakini upweke ule wa baada yake ulikuwa na uzito mwingine. Wanawake walikuja kunipongeza. Niliwafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kuanzia hapo wakarudi kunisalimu kwa kidevu. Nilikula majani yangu, nikachomwa sindano zangu, nikatembea kila jioni kuzunguka uwanja wa mpira peke yangu.

Mtoto alitolewa kwa kisu kabla ya mwezi wake, kama daktari alivyoahidi. Msichana. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake, mwenye ngozi ya kukunjamana, akalia kwa sauti nyembamba yenye hasira. Niliposikia sauti ile nilimuuliza muuguzi ni mtoto wa nani anayelia. Akaniambia ni wako. Nikamwomba arudie.

Watu wa kambi walikuja na vitenge na sabuni, wamefurahi kweli, siwezi kuwanyima hilo. Walisema, unaona, ameondoka tu, mtoto amezaliwa mzima. Mtoto wangu mwenyewe aliye hai ndiye aliyekuwa ushahidi wao. Nilimkumbatia nikatazama ukutani. Sindano hakuna aliyeitaja.

Tulimpelekea mama habari, tukamngoja aje. Bibi ndiye wa kumwogesha mjukuu, ndiyo desturi, na yeye ndiye aliyeingoja siku ile kuliko sisi. Hakuja. Alituma salamu na kamba ya shanga za kiuno. Mtoto alipoanza kutambaa nilimwambia mume wangu, twende sisi.

Shinyanga ilikuwa kavu, upepo unatembeza vumbi. Maneno yalikuwa yametutangulia. Mgodini walikuwepo vijana wengi wa vijiji vile vile, na mtu akienda likizo hubeba kila kitu. Nyumbani kwa mume wangu wake za shemeji zangu walitupokea vizuri, wakatupa maji. Nilipouliza mama yuko wapi, wakanionyesha kibanda kipya nje ya ua wa minyaa, peke yake. Walisema mwenyewe ndiye aliyetaka kuhamia kule. Watoto wa nyumba ile hawakuwa wanakwenda kula kwake tena. Alikuwa na chungu kimoja kidogo na bakuli moja.

Tulimkuta ameketi kivulini kwa kibanda chake. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia vizuri, akatabasamu, akaniuliza habari za safari, habari za kidonda cha tumbo, habari za yule daktari. Macho yake hayakuwa yanatuangalia sisi. Alikuwa anamtazama mtoto mgongoni kwangu, anazungukazunguka ili amwone uso. Nikamfungua mtoto, nikamnyooshea. "Mayu, mpokee mjukuu wako."

Akarudisha mikono yake nyuma. Akasema, "Mweke hapo kwenye ngozi nimwone."

Nikadhani anaona aibu. Nikamwambia mchukue, ni wako, bila wewe asingekuwepo. Akatikisa kichwa. Akasema watoto wachanga huumwa, ni kawaida yao, kesho homa, keshokutwa tumbo. "Akiumwa baada ya mimi kumshika, nitakuwa nani?" Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini hapandi pamba mwaka huu. Nikamgeukia mume wangu aseme neno. Alikuwa amesimama anatazama minyaa.

Nilimweka mtoto kwenye ngozi ya ng'ombe. Bibi yake alikaa ng'ambo, magoti yamekunjwa, mikono ameikalia. Alimsemesha. Alimwimbia kidogo. Mtoto alikuwa na umri wa kupenda watu wote. Akamtazama, akacheka kwa fizi, akaanza kutambaa kumfuata. Alivuka ile ngozi, akafika miguuni pake, akashika upindo wa kanga yake, akaanza kujivuta asimame. Mama mkwe wangu aliinua mikono yote miwili juu ili isimguse, ile mikono yake mikubwa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mtoto amemng'ang'ania magotini anacheka.

"Njoo umchukue, binti yangu," akaniambia. "Haraka, kabla hawajaona."

Nikaenda nikamchukua.